Uso wa Sindano kwenye Shukrani ya Mama

Jamani, aibu hii ni yangu na nimeona niieleze mwenyewe, kwa sababu huko Hasamba inaelezwa na watu ambao siku hiyo hata hawakuwepo, na kila anayeieleza anaongeza chumvi yake, mara nilibebwa kwa machela, mara mchungaji alikimbia akaacha Biblia mezani (hakukimbia, alitembea haraka, na Biblia ilikuwa kwapani, nilimwona kwa macho yangu haya). Mimi niliishia darasa la saba na daftari hili huwa naandika yanayonikaa moyoni tu, kwa hiyo nikichanganya mpangilio mnivumilie, ila uongo sitaweka. Uongo nilioutoa mwaka huo wa 2014 ulikuwa mmoja tu, tena wa maneno manne, na mtaona ulivyozaa.

Naitwa Tabita. Nauza vitenge Tunduma, karibu na mpaka, na nilikuja hapa nikiwa na miaka ishirini na miwili, uso wangu laini kama maharage mabichi (nasema hivyo kwa sababu picha ipo, sijisifu). Hapa mjini nikakuta wanawake wenzangu wanang'aa, nikauliza, nikaonyeshwa krimu za kutoka ng'ambo, ukipaka wiki mbili unakuwa mweupe mpaka mteja wako anakusahau. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipaka mwenyewe, miaka na miaka, na mwanzoni kwa kweli nilipendeza, nisiwanyime haki yao waliouza. Halafu ngozi ikachoka. Mashavu yakawa meusi kama sufuria ya kuni, paji la uso likabaki jekundu, na chunusi zikaja zikaacha vishimo, basi uso wangu ukawa na rangi tatu na mimi ni mmoja.

Nisingejali sana, maana anayenunua kitenge anaangalia kitenge. Niliyejali ni mama.

Mama yangu anaishi Hasamba kwa mdogo wangu Yohana, mwenye mashamba ya kahawa, na ameanza kusahau. Alianza na vitu vidogo, chungu motoni, mlango wa kuku, halafu akaanza kusahau watu. Sasa hapo ndipo penye mwiba, kwa sababu kijiji kizima kinamwita Mama Tabita, mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, ukimwita Mama Tabita anaitika hata akiwa usingizini, lakini Tabita mwenyewe nikiingia mlangoni ananiangalia kwa heshima, anatafuta kigoda, ananiambia, "Karibu, mama. Umetoka mbali?"

Ananiita mama. Kama mtu anavyomwita mwanamke mgeni asiyemjua jina.

Nakaa. Nimepakata sukari na sabuni nilizomletea. Halafu yeye ananyoosha kidole ukutani, kwenye ile picha yangu niliyopigwa studio Vwawa kabla sijahamia Tunduma, anasema, "Yule ndiye mwanangu, Tabita. Yuko Tunduma huko. Siku nyingi hajaja." Na mimi nasema, "Atakuja, mama." Mlishawahi kujisemea ninyi wenyewe hivyo? Ukitoka hapo barabara yote unaiona ya maji.

Yohana aliniambia wazi, nisimsingizie. Alisema, "Dada, ni ugonjwa. Hata mimi kuna siku ananiita jina la baba. Usiutafutie sababu." Lakini mimi nilikuwa nimeshaipata sababu yangu. Niliona hivi: mama hajanisahau, uso wangu anaujua, ndio ule pale ukutani, anauonyesha kila mgeni, ila mimi ndiye sikuja nao. Niliuacha kwenye makopo ya krimu. Nikiurudisha ule uso, hata nusu, ataniona.

Ndipo nikasikia habari za Bana Chanda.

Bana Chanda, yaani Mama Chanda kwa Kibemba, alikuwa na chumba chake Nakonde, upande wa Zambia, nyuma ya kinyozi, amejifunza kazi Lusaka, na wanawake wa pande zote mbili za mpaka walimwendea. Alikuwa na kitu anakiita rola. Ukikiona kinafanana na ile rola ya kupakia rangi ukutani, ila ndogo ya kushikwa kwa vidole vitatu, na kile kigurudumu chake kimejaa visindano vidogo, vingi, vifupi kuliko miiba ya dagaa. Jirani yangu sokoni alikwenda kwake kwa ajili ya makovu, na kwa muda wa kama miezi minne hivi nikamwona uso wake unajaa taratibu, vishimo vinafifia, mpaka nikamwonea wivu. Huo ni ushahidi wa macho, na niliuweka akilini.

Nilikwenda Ijumaa. Bana Chanda alinikalisha kwenye kiti, akaniwashia taa usoni, akanishika kidevu akinigeuza huku na huku.

"Mukwai, dada yangu, uliupaka sana huu uso."

"Nimeacha tangu Pasaka," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

"Vizuri. Sasa sikiliza, usije ukanisema vibaya kesho." Kiswahili chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa Kibemba, lakini alieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha. "Ngozi ni mvivu. Ukizeeka inalala. Mimi naitoboa vitundu vidogo-vidogo, inashtuka, inasema, jamani tumeumia! Basi inaamka kujijenga, inaleta ngozi mpya kutoka chini. Mimi sikupaki kitu cha kukurembesha. Ni mwili wako wenyewe unajitibu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Siyo leo, siyo kesho. Siku mbili tatu utakuwa mwekundu kama nyanya. Wiki nne, tano, ndiyo utaanza kuona. Halafu unarudi tena, mara tatu, mara nne. Akikuambia mtu mara moja tu inatosha, huyo ni mwizi. Siku tatu usikae juani, usikae jikoni kwenye moto, usipake kitu kingine zaidi ya hiki nitakachokupa. Mabaka haya hasa, ndiyo yanataka utulivu, ukiyachokoza yanakuwa meusi zaidi. Sasa niambie, una shughuli karibuni? Harusi? Kipaimara?"

Hapo ndipo ule uongo wangu ulipotoka.

"Sina. Mpaka mwezi ujao."

Ukweli ni kwamba jana yake, Alhamisi, Yohana alikuwa amenipigia simu. Alikuwa amemaliza nyumba ya mama, ya tofali za kuchoma na bati, kahawa mwaka huo iliwakubali, na mchungaji amesema ibada ya shukrani iwe Jumapili hii hii kwa sababu anasafiri. Na mimi kama mtoto wa kwanza ndiye nitakayemkabidhi mama ufunguo mbele ya watu wote. Nikafikiri, kama kuna siku ambayo mama atanitazama na kulitaja jina langu, ni hiyo, mimi nimemshikia ufunguo, uso kwa uso. Nikijua kabisa kwamba ni wiki nne (nilikuwa nimesikia, sikuwa kiziwi), nikajiambia labda mimi ngozi yangu ina haraka.

Alifungua rola mpya kwenye pakiti yake mbele ya macho yangu, akanipaka dawa ya ganzi, tukangoja, akaanza. Maumivu si makubwa mnavyofikiri, ni kama kupapaswa na mtu mwenye kucha za paka, ila ile sauti, krrr, krrr, kama mtu anatembea juu ya mchele uliomwagika, hiyo ndiyo inayokutoa jasho. Alikwenda juu, akashuka, akaenda pembeni, mstari juu ya mstari, kwa utaratibu. Damu ilitoka vitone. Alinifuta kwa pamba, akaniambia nikalale.

Jumamosi niliamka mwekundu, uso umebana kama nimevaa wa mtoto. Jioni ulianza kutulia. Nasema haya kwa haki ya Bana Chanda: ulikuwa unatulia. Ningeuacha, Jumapili ningekwenda kwetu na uso wa mtu aliyepigwa jua kidogo tu, basi. Lakini nilikuwa na haraka yangu, na chini ya kitanda kulikuwa na kopo la zamani la krimu, limebaki kidogo chini, sijui kwa nini nilikuwa sijalitupa. (Najua kwa nini. Mtu hatupi.) Nikapaka nyembamba, nikijiambia itapooza.

Ilichoma nikapiga magoti. Nilinawa maji ndoo mbili. Asubuhi ya Jumapili kioo kilinionyesha mwanamke mwenye macho madogo, mashavu yamevimba, na juu yake vipele vyekundu vimetapakaa kutoka paji la uso mpaka kidevuni. Nilikaa kitandani nikawaza nisiende. Halafu nikawaza ufunguo. Nikajifunika kitenge kichwani, nikakivuta mpaka puani kama wafanyavyo wanawake wa Kiislamu wa dukani kwa jirani yangu, nikatoka.

Kutoka Vwawa kwenda Hasamba nilipanda bodaboda, na ulikuwa ule msimu wa vumbi na upepo, jua juu, kila kitu alichonikataza Bana Chanda kikanikuta kwa saa moja. Kijana wa bodaboda aliniona upepo ulipofunua kitenge.

"Mama, nyuki?"

Nikakivuta kitenge kikarudi puani. Akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo, akasema pole, akasimulia nyuki wa kwao Ndalambo mpaka tukafika.

Watu walikuwa wengi. Turubai limefungwa mbele ya nyumba mpya, bati linawaka, kwaya ya watoto wamevaa mashati meupe, masufuria ya wali na nyama yamepangwa pembeni kwenye mafiga, wanawake wanageuza. Mama amekaa mbele kwenye kiti chenye mto, amevalishwa gauni jipya na kilemba, mdogo kuliko nilivyomwacha, anaangalia watu wote kwa upole kama mgeni aliyekaribishwa kwenye sherehe ya mtu mwingine. Niliingia taratibu, nikakaa nyuma. Nilipanga nitoke mbele nimejifunika hivyo hivyo, nimkabidhi ufunguo, nikae. Katika akili yangu ilikuwa inawezekana.

Mchungaji akaomba, akasoma, akamaliza, akasema, "Sasa mtoto wa kwanza, yule ambaye mama huyu anaitwa kwa jina lake, apite mbele."

Nikapita. Nikapewa sahani, ufunguo juu yake, kitambaa cheupe chini. Nikapiga magoti mbele ya mama.

Mke wa Yohana, wifi yangu Neema, alikuwa amesimama na simu anapiga picha. Neema ni mtu mwema, hana ubaya, alichotaka ni picha nzuri. Akasema, "Wifi, mbona unajificha kama bibi harusi? Funua, mama akuone!" Mikono yangu ina sahani. Akashika ncha ya kitenge, akavuta.

Kwaya ilikuwa inaimba, ikanyamaza sauti moja moja.

Mama alinitazama. Na mimi, pamoja na aibu yote, nilifurahi, kwa sababu hakunitazama kwa heshima. Alikunja uso. Macho yake yalikaza, yakaamka, kama mtu aliyesikia sauti ya kitu anachokijua. Akanyoosha mkono, akagusa shavu langu kwa nyuma ya vidole. Nikangoja jina langu.

"Surua," alisema.

Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuisikia miaka mitatu, kwa Kinyiha, kila mtu akamwelewa, "Surua hii! Nani kamtoa huyu mtoto juani? Ondoeni watoto! Watoto wote ndani kwenu!"

Ninyi mnafahamu surua ilivyotutenda vijijini zamani. Kuna wazee pale walizika. Mwanamke mmoja akamnyakua wa kwake, wa pili akafuata, kwaya ikavunjika ikakimbia na mashati yake meupe mpaka migombani, na Mama Zawadi, jirani yetu wa miaka yote, akapanda juu ya benchi akatangaza, "Jamani hata mtu mzima hupata! Tena ya mpakani ni mbaya, huko Tunduma wanapita watu wa mataifa yote!" Kijana wa bodaboda, aliyekuwa ameshapakuliwa sahani yake, aliiweka chini akaomba sabuni. Mchungaji nimeshawaambia alivyotembea. Sahani yangu iliniponyoka, ufunguo ukaingia kwenye vumbi.

Na mama yangu, ambaye asubuhi hiyo alihitaji kushikwa mkono kuinuka kitandani, alisimama mwenyewe. Akanishika mkono juu ya kiwiko, hivi anavyoshikwa mtoto mtukutu, akanivuta kupita wageni wote, kupita masufuria, mpaka kwenye jiko la zamani la nyasi nyuma ya nyumba, akaniingiza, akafunga mlango. Mimi nina miaka arobaini na minne na kilo si haba. Nilivutwa.

Jikoni mlikuwa na giza. Kwetu surua ilikuwa inatibiwa hivyo, mtoto anawekwa gizani kwa sababu ya macho, hapigwi na jua, hapigiwi kelele, na anapakwa machicha ya pombe ya ulezi mwili mzima yampooze. (Nesi wa zahanati ameshawakataza watu machicha mara nyingi, na mimi sisemi ni dawa, nasema tu ndivyo mama alivyofanya.) Mama akafungua mlango kidogo akamwamuru Neema, "Machicha!" Na Neema ni mlokole, nyumba ile ni ya walokole, pombe haijaingia hapo tangu baba afariki, lakini ile sauti haikataliwi. Ilibidi aende mbio nyumba ya tatu kwa mzee mmoja mpika pombe, akarudi amebeba beseni la machicha mbele ya wazee wa kanisa waliosimama barabarani, uso ameugeuzia pembeni kama amebeba maiti.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe, kwa maana hayo ya nyuma yalikuwa ajali, hili lilikuwa langu.

Yohana alikuja mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada. Ni surua kweli? Watu wanaondoka. Chakula kipo pale. Niambie neno moja."

Neno moja. Ningesema "rola," ningesema "krimu," ningesema "hapana" tu, shughuli ingeokoka, mdogo wangu aliyejenga nyumba ile tofali kwa tofali asingesimama peke yake chini ya turubai tupu. Nilimsikia anapumua nje ya mlango. Lakini mama alikuwa amekaa chini, amenilaza kichwa mapajani, anachota machicha ya baridi kwa kiganja na kunipaka paji la uso, taratibu, anafuata nyusi kwa kidole gumba ili yasiingie machoni. Miaka mitatu mama yangu hakunigusa zaidi ya kunishika mkono wa karibu na kwaheri. Sikusema kitu. Yohana alisubiri, halafu nikasikia hatua zake zinaondoka.

Ile harufu chachu ndiyo iliyonirudisha utotoni. Tulikuwa wawili. Mimi nina miaka saba, mdogo wangu Eliza ana minne, mkeka mmoja, giza hili hili, surua moja. Siku ya tano mimi nilipata njaa nikaomba kiazi. Eliza hakuomba kitu.

Mama alikuwa anaongea polepole, si na mimi hasa, maneno ya kumbembeleza mtoto, usikune, usilie, maji yanakuja. Halafu akasimamisha mkono juu ya shavu langu.

"Mwenzako ameniacha," akasema. "Wewe usiniache."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande tangu siku ile. Mwenzako ameniacha. Aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, na ndiye mimi. Basi alikuwa anasema na mimi. Jina hakulitaja, siwezi kuwaambia alilitaja, na inawezekana alikuwa anaongea na giza tu, Yohana anasema hivyo na huenda ana haki. Lakini mimi nilijibu, "Sikuachi, mama," na yeye akasema, "Eh," kama mtu aliyejibiwa na mtu anayemjua.

Hatukukaa sana. Yohana alirudi na nesi wa zahanati, aliyekuwa mmoja wa waalikwa na hakukimbia. Nesi akawasha tochi ya simu, akaniinua kidevu, akafuta machicha kwa ncha ya khanga, akaniuliza kama nina homa, kama nakohoa, kama macho yanatoa maji. Hakuna. Akasogeza mwanga.

"Mama Mkubwa," aliniambia, "surua haipandwi kwa kamba kama mahindi."

"Unasemaje?"

"Vipele vyako vina mistari. Juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto. Hivi ni vya mtu. Ulifanya nini?"

Nikasema. Yote, pale pale, mbele ya mdogo wangu, nikiwa nimelala mapajani kwa mama na nyusi zangu zimejaa machicha. Yohana alisikiliza mpaka mwisho.

"Sindano," alisema. "Umekwenda ng'ambo, ukachomwa sindano usoni, kwa hiari yako."

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza mlangoni?"

Aliniangalia, akamwangalia mama aliyekuwa bado ananipapasa, akatoka. Hajawahi kuniuliza tena. Ningependa angenigombeza.

Waliokuwa wamebaki karibu walirudi, kama nusu, wengine kwa njaa na wengine kwa kusikia. Habari ilinitangulia. Nilipotoka nikinuka kama kilabu cha pombe, Mama Zawadi alikuwa anawaeleza wenzake, "Mimi sindano moja tu ya zahanati nashikwa na watu wawili, huyu kajipigisha elfu, tena usoni!" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na kusema kweli kama ningekuwa mimi ndiye mtazamaji ningecheka pia. Wali ulikuwa umeshikana sufuriani. Ufunguo ulitafutwa kwenye vumbi na kwaya ya watoto, wakaupata, na Yohana ndiye aliyemkabidhi mama, akiwa peke yake, bila wimbo.

Nililala pale. Asubuhi uvimbe ulikuwa umeshuka, vipele vimeanza kukauka. Nilimpelekea mama uji kwenye nyumba mpya. Alinitazama kwa heshima yake ile, akajisogeza anipishe kwenye mkeka.

"Karibu, mama," akasema. "Hukumwona mtoto wangu? Jana alikuwa anaumwa, nilimlaza jikoni. Nimekwenda sasa hivi, hayupo."

Niliushika uji ule mpaka ukapoa.

Bana Chanda nilimrudia, nikamweleza kila kitu na ule uongo wa tarehe, akanisema vibaya nusu saa nzima kwa lugha mbili, akanitupia jalalani lile kopo la krimu. Halafu akaniambia nitulie. Nilitulia. Na ninyi mlioniona sokoni mwezi uliofuata mnajua, hamtanikatalia, ngozi ilianza kujijenga kama alivyosema, vishimo vya mashavuni vilijaa kidogo, ukigusa ni laini. Mabaka yalibaki, mengine yaliongezeka weusi, hiyo ni ya krimu na jua, siyo ya sindano. Kazi ya Bana Chanda ni kazi ya kweli. Aliyeharibu ni mimi.

Alinipangia mara ya pili. Niliahirisha, nikaahirisha tena, na sababu yake sikumwambia mtu. Nilijikuta nahesabu: nikichomwa Ijumaa, Jumapili nitakuwa mwekundu. Nikipanda pikipiki juani bila kujifunika, nitavimba. Machicha yapo nyumba ya tatu. Nilipojiona nimefika hapo kwenye hesabu, nikaogopa. Nikaapa kwamba rola haitanigusa tena, siyo kwa ubaya wake, bali kwa sababu najijua nitaipeleka wapi, na sitamvunjia mdogo wangu shughuli nyingine, wala sitamtia mama hofu ya surua ili nipate mapaja yake.

Kiapo nimekishika mpaka leo. Jumapili ninapokwenda Hasamba nanawa uso kwa maji matupu, na mama ananipa kigoda, na baada ya kunisalimia ananiuliza habari za yule mtoto, kama nilikutana naye njiani, kama amepona.

"Amepona, mama," namjibu. "Anakula vizuri."

"Mwambie asikae juani," ananiambia, na mimi namwambia nitamwambia.